Ndugu Collyer

Homer (1881–1947) na Langley Collyer (1885–1947) walikuwa ndugu wa New York, Marekani, wanaotajwa sana panapozungumzwa ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Nyumba yao ya Harlem ilisheheni zaidi ya tani 100 za vitu, zikiwemo piano 14. Langley alimwekea kaka yake, aliyekuwa kipofu, magazeti ya miaka mingi ayasome siku macho yatakapofumbuka. Nani angethubutu kuyaita takataka? Machi 1947 Homer alikutwa amefariki. Langley, aliyefukiwa na mtego aliowategea wezi, alipatikana Aprili, mita chache tu kutoka alipokutwa Homer. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua ulimbikizaji kuwa ugonjwa unaojitegemea, kigezo kikuu kikiwa ugumu wa kudumu wa kuachana na vitu, hata visivyo na thamani.