Winsor McCay na Nchi ya Usingizi: Kipimo katika Uchoraji wa Ndoto

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili kwa yale ayaonayo mtu usingizini. Ndoto ni neno la kila siku, nayo yaweza kuwa upuuzi tu uletwao na chakula kizito cha usiku. Njozi ina uzito zaidi, maana humjia mtu kana kwamba imetumwa kwake. Winsor McCay, mchoraji wa Marekani ambaye kazi yake ndiyo mada ya makala haya, alianza na ndoto za shibe akaingia katika njozi, wala kati ya hizo mbili haikupita hata miaka miwili.

Mwaka 1904, katika gazeti la Evening Telegram la New York, alianza mfululizo wa hadithi za picha ulioitwa Dream of the Rarebit Fiend. Aghalabu hadithi ilikuwa ya mtu mzima aliyekula mkate wenye jibini ya kuyeyushwa kabla ya kulala, akaota mambo ya kutisha, kisha akaamka akiilaani jibini. Kazi hiyo aliitia sahihi ya jina la kubuni, Silas. Tarehe 15 Oktoba 1905 gazeti la New York Herald, lililokuwa la tajiri yule yule, likatoa ukurasa wa kwanza wa Little Nemo in Slumberland, yaani Nemo Mdogo katika Nchi ya Usingizi. Hapa mwenye kuota ni mtoto, na mfano wake ni Robert, mwana wa mchoraji mwenyewe. Mfalme Morpheus anatuma wajumbe wamwite Nemo aende kucheza na binti yake. Na kila Jumapili, kabla jambo halijatimia, Nemo huamka, mara nyingi akiwa chini sakafuni na shuka zimemzonga. Jina lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni kwamba hakuna mtu.

Watu wengi hudhani kwamba mchoraji wa mambo ya ajabu ni mtu aliyefungua mlango wa kichwa chake akayaacha yaliyomo yatoke yenyewe. Kwa McCay dhana hiyo si kweli. Mambo yake ya ajabu yalitoka katika kipimo, na tukitaka kuifahamu kazi yake yafaa tuanze hapo.

Baba yake alitaka awe mtu wa biashara, akampeleka katika chuo cha biashara huko Ypsilanti, katika jimbo la Michigan. Kijana akawa anatoroka kwenda Detroit, katika nyumba ya maonyesho ya rahisi iliyoitwa Wonderland, akichora sura za wageni kwa malipo ya senti 25. Huko huko Ypsilanti alimpata John Goodison, mwalimu wa chuo cha ualimu, aliyemfundisha elimu ya kuonyesha umbali katika picha: jinsi mistari iliyo sambamba inavyokutana mbali machoni pa mtazamaji, na jinsi kitu kinavyopungua ukubwa kadiri kinavyosogea nyuma. Hayo ndiyo masomo ya uchoraji aliyopewa, machache kwa hesabu, lakini hakuyasahau hata kufa kwake. Mwaka 1889 alikwenda Chicago kufanya kazi katika matbaa iliyopiga chapa matangazo ya sarakasi, na mwaka 1891 akahamia Cincinnati kuchora matangazo ya nyumba nyingine ya maonyesho, mahali pa kuonyesha wenye maumbo yasiyo ya kawaida, wacheza mazingaombwe na vioo vya kupotosha sura. Alifika New York mwaka 1903, akakaa Brooklyn, karibu na viwanja vya starehe vya Coney Island, ambako Luna Park ilifunguliwa mwaka ule ule wa 1903 na Dreamland mwaka 1904. Atazamaye majumba ya Mfalme Morpheus, yenye nguzo zisizo na mwisho na ngazi pana za marumaru, haoni mbingu ya saba; anaona Coney Island iliyosafishwa ikaongezwa ukubwa.

Sasa tuutazame ukurasa mmoja kwa makini, nao ni ule wa tarehe 26 Julai 1908, ambao wajuzi wengi huuhesabu kuwa bora kuliko zote. Kitanda cha Nemo kinaamka. Matendegu yake yanarefuka, kinatoka chumbani, kinashuka barabarani, kisha kinaanza kutembea juu ya mji, kikizidi kurefuka mpaka kinavuka mapaa ya nyumba kama farasi arukavyo ua. Mwishowe mguu mmoja unajikwaa katika mnara wa kanisa, na Nemo anaanguka. Tukihesabu sheria za dunia zilizovunjwa katika ukurasa huo tutaona ni moja tu: matendegu yamepewa uhai. Mengine yote yamebaki kama yalivyo. Kitanda kina uzito wake, na mwendo wake ni wa mnyama wa miguu minne. Madirisha ya majumba yanapungua sawasawa kwa kufuata umbali. Mwezi uko nyuma, mahali pake. Msomaji anasadiki kwa sababu kila kitu kilicho kando ya lile jambo la ajabu kimepimwa. Sisi tunaojua samadari za pwani na matendegu yake yaliyokerezwa twaweza kulitambua hata jambo hili dogo: miguu ile, ijapokuwa imekuwa mirefu kuliko minara, bado ni miguu ya kitanda kile kile tulichokiona katika picha ya kwanza.

Pamoja na hayo, McCay aligeuza umbo la ukurasa wenyewe. Wachoraji wengi wa zama zake waligawa karatasi katika visanduku vilivyo sawa, mithili ya vigae, kisha wakaingiza picha humo. Yeye aliacha jambo linalosimuliwa liamue ukubwa wa kisanduku. Matendegu yanaporefuka, visanduku navyo vinarefuka. Katika ukurasa wa pili wa mfululizo, uliotoka Oktoba 1905, Nemo anapita katika msitu wa uyoga mkubwa, na jinsi uyoga unavyopanda ndivyo visanduku vinavyopanda, hata msitu mzima unapomwangukia. Mwaka 1906 alichora tembo ajaye kutoka mbali, akiongezeka picha kwa picha, hata mwisho uso wake ukakijaza kisanduku kisibakie nafasi ya kupumua. Haya ni mambo ambayo tangu hapo yamekuwa desturi kwa wachoraji wa hadithi za picha. Lakini katika miaka ile ilikuwa ni kama mshairi aliyethubutu kuacha mizani iende kwa kufuata maana.

Karatasi yake ya kuchorea ilikuwa kubwa kuliko ukurasa wa gazeti. Alichora kwa wino mweusi, akaandika maagizo ya rangi kwa mafundi wa matbaa, nao wakazijenga rangi zake kwa nukta ndogo ndogo za nyekundu, njano na buluu. Mafundi wa Herald walikuwa hodari, na bila wao usiku wa Nemo usingalikuwa na ile rangi ya zambarau iliyofifia ambayo hata leo yatushangaza. Maneno ndiyo udhaifu wake. Mara nyingi viputo vya maneno vimebanwa pembeni, herufi zimekunjamana, na mazungumzo yenyewe ni ya kurudiarudia. Nionavyo mimi, alikuwa akimaliza picha kwanza, kisha akatafuta mahali pa kuwapa watu wake nafasi ya kusema, na mara nyingine hakupapata.

Kazi hiyo ilikuwa ya kila juma bila kupumzika, na tangu 1906 McCay alikuwa pia akipanda jukwaani jioni, akichora kwa chaki mbele ya watazamaji huku muziki ukipigwa. Kurasa nyingine alizichora nyuma ya jukwaa akingoja zamu yake. Mwaka 1911 alizitia picha zake mwendo: alichora picha 4,000 za Nemo na wenzake, zikapigwa filamu. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya mbu anyonyaye damu ya mtu aliyelala, na mwaka 1914 ile ya Gertie, dinosaria wa kike, ambaye McCay alimwamuru kutoka jukwaani akiwa na mjeledi mkononi, kana kwamba mnyama yule angeweza kusikia. Hapa tena tunakutana na kipimo. Alipotaka kujua Gertie apumue kwa muda gani, alivuta pumzi yeye mwenyewe, akatazama saa, akahesabu, kisha akachora kwa hesabu ile. Wala hakumchora kwa kufuatana tangu mwanzo wa tendo hata mwisho. Alichora kwanza mikao mikuu ya tendo, ndipo akazigawa nafasi zilizobaki katikati. Utaratibu huo ndio uliotumiwa na watengenezaji wa filamu za kuchorwa kwa miongo mingi baadaye.

Basi mtu aliyepima pumzi ya mnyama asiyewahi kuonwa na binadamu yeyote alifanya nini alipotaka kumchora Mwafrika? Swali hili haliepukiki kwa msomaji wa huku kwetu, nami sioni haki kulipita kwa adabu ya kinafiki.

Kabla ya Nemo, mwaka 1903, McCay alikuwa amechorea gazeti la Cincinnati Enquirer mfululizo wa beti na picha uitwao Tales of the Jungle Imps, yaani visa vya vijitu vya mwituni. Beti zilitungwa na George Randolph Chester. Hadithi zake ni za aina tunayoijua sana, za kueleza jinsi wanyama walivyopata maumbo waliyo nayo. Wanyama wanaudhiwa na vijitu vyeusi vyenye midomo mikubwa, kisha wanapata dawa au umbo jipya la kujikinga navyo. Kijitu mmoja wa namna hiyo, Impie, aliingia katika hadithi ya Nemo mwaka 1907, naye akabaki humo pamoja na Flip, yule mkorofi mvuta biriji. Impie amevaa majani kiunoni. Midomo yake ni ya wazi na minene, macho ni duara mbili nyeupe. Akisema, hasemi lugha yoyote. Katika kiputo chake zimo silabi zisizo na maana, ambazo Nemo na Flip hawazielewi wala mchoraji hakukusudia zieleweke.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba picha za namna hiyo zilijaa katika magazeti ya siku zile. Ni kweli zilijaa, na ndiyo maana utetezi huo unamshitaki. McCay hakuhitaji kusafiri hata Afrika ili aone uso wa mtu mweusi. Alikaa miaka kumi na zaidi Cincinnati, mji wenye jamii kubwa ya Wamarekani weusi, akapishana nao barabarani. Katika kazi iyo hiyo ya kuchorea magazeti alikuwamo George Herriman, mchoraji wa Krazy Kat, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1880, na ambaye hati yake ya kuzaliwa, iliyojulikana hadharani mwaka 1971, inamwandika kuwa si mzungu. Wala McCay hakuwa kipofu wa mambo ya watu wanyonge. Mwaka 1908 alimpeleka Nemo katika mtaa wa mafukara, akachora vibanda vilivyooza, taka njiani na mtoto mgonjwa kitandani, vyote kwa jicho la huruma na kwa mkono usiokosea. Hapo alitazama kabla ya kuchora.

Impie hakutazamwa. Alinakiliwa kutoka katika picha nyingine, ambazo nazo zilinakiliwa kutoka katika nyingine. Ukiweka kando hasira, ukamtazama kwa jicho la fundi tu, utaona kwamba yeye ndiye kiumbe mmoja asiye na uzito katika Nchi ya Usingizi. Tembo wa 1906 ana ngozi iliyokunjamana na kivuli chini ya miguu. Kitanda kinachotembea kina maungo. Impie ana duara, mstari na weusi uliojazwa kwa wino. Kanuni aliyoishika McCay maisha yake yote, ya kupima kwanza kila kilicho cha kweli ndipo avunje sheria moja, hapa aliiacha, na picha yenyewe inatoa ushahidi.

Mwaka 1911 alihamia magazeti ya William Randolph Hearst pamoja na Nemo, ambaye huko aliitwa kwa jina jingine. Baadaye bwana wake mpya alimtaka aache ndoto, achore picha za mawaidha ya siasa. Naye akazichora, kwa ustadi mkubwa na bila furaha ionekanayo. Filamu yake ya kuzama kwa meli ya Lusitania, iliyoonyeshwa mwaka 1918, ilikuwa na picha zipatazo 25,000. Baada ya kifo chake, karatasi nyingi za asili za Nemo zilikatwa vipande ili visanduku vipangwe upya. Mkato huo ulifanyika mkononi mwa Robert, yule mtoto aliyekuwa mfano wa Nemo. Zilizosalimika zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mwaka 1966.

Filamu ya Nemo iliyotengenezwa Japani kwa ushirikiano na Wamarekani, ikatoka mwaka 1989, inaye Nemo, inaye Flip, inaye binti mfalme na Mfalme Morpheus. Impie hayumo. Lakini katika vitabu vinavyozikusanya kurasa za zamani bado yumo, Jumapili baada ya Jumapili, amekaa kando ya wenzake akisema silabi zake.