X-ray ya Mlimba isomwe Ifakara: zana zinazohitajika

Kupiga X-ray ni hatua ya kwanza tu. Picha inatakiwa isomwe, itunzwe, na ipatikane mgonjwa akirudi. Mtu wa Mlimba akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, filamu ikilowa au ikipotea njiani, kipimo kinaanza upya na gharama juu.

Kwa nini isirushwe kwa WhatsApp?
X-ray ya kidijitali inaweza kuwa na ngazi 4,096 za weusi na weupe. Picha ya kawaida ya simu hubaki na 256 tu, na WhatsApp huibana zaidi. Kidoa kidogo kwenye pafu kinaweza kufifia kabisa.

DICOM
Huu ndio mfumo wa faili unaotumika hospitalini duniani kote, kwa jina hilo tangu 1993. Faili moja hubeba picha, jina la mgonjwa, tarehe na aina ya kipimo, hivyo si rahisi picha kuchanganywa.

Orthanc
Ni seva ya bure iliyoanzia Liège, Ubelgiji, mwaka 2012. Hukaa hata kwenye kompyuta ya kawaida, hupokea picha toka kwenye mashine, huzihifadhi na kuzituma hospitali nyingine.

ImageJ na OpenCV
ImageJ, ya Marekani, hupima ukubwa wa kitu kwenye picha na kuhesabu seli. OpenCV huwasaidia watengeneza programu kusafisha chenga na kuongeza mwonekano. Zote ni za bure, ila ni za utafiti na ujenzi wa mifumo. Hazimpi mgonjwa majibu.

Kompyuta kusoma kifua
Programu ya CAD4TB, inayotafuta dalili za kifua kikuu, ilipimwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, na matokeo yakachapishwa 2014. Mwaka 2021 WHO iliruhusu programu za aina hii kwa wenye miaka 15 na zaidi. Hata hivyo, makohozi bado yanapimwa kuthibitisha.

Bando na siri
Picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048, baiti 2 kila pikseli, ni kama MB 8. Mtandao ukiwa mdogo, ibanwe kwa njia isiyopoteza kitu. Ikitumika kwa mafunzo au utafiti, jina liondolewe kwanza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.