Cheti cha muuzaji si cheti cha mashine: somo la Ujiji, 1871

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa kijijini, msimu uliopita kikundi cha wakamuaji wa mawese kilinijia na cheti mkononi. Walikuwa wamelipia mashine ya kukamulia, ikaja mbovu, na muuzaji hapokei simu. "Bwana shamba, cheti si hiki hapa?" Nikakisoma. Kilikuwa cha kweli kabisa, ila kilikuwa cha usajili wa jina la biashara tu. Hakikusema kwamba mwenye jina ana kiwanda, wala kwamba mashine yake imepimwa na mtu.

Jambo hili ni la zamani hapa kwetu. Oktoba 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, hoi kwa ugonjwa, akitegemea mzigo aliotumiwa kutoka Unguja. Aliandika kwamba ulikuwa yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Hakukuta hata uzi. Sherif, aliyekabidhiwa mzigo huo, alikuwa ameuuza wote, akidai amepiga ramli na kuona kwamba mwenyewe amekufa. Kumbuka kuwa siku zile nguo na shanga ndizo zilikuwa pesa ya soko la Ujiji. Mzee wa watu alibaki hana kitu mpaka Stanley alipofika.

Kwa lugha ya leo, Sherif alikuwa wakala. Hakufuma kitambaa wala hakutengeneza shanga. Alibeba mali ya mwingine. Waliomwamini walikuwa Unguja, safari ya miezi, na Ujiji hapakuwa na mtu wa kumuuliza umetumwa na nani, kwa masharti gani.

Linganisha na Liemba. Meli ile ilijengwa na kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli iliyofika Kigoma 1914. Kiwanda kilituma mafundi wake waje kuiunga hapa hapa, na 1915 ikashushwa majini. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Ikaopolewa, na 1927 ikaanza tena kazi. Huyo ndiye mtengenezaji: mali ni ya mikono yake, na fundi wake unamwona.

Sasa turudi kwenye makaratasi. Anayesema "mimi ni kiwanda" mwombe leseni ya kiwanda, ambayo hutolewa na BRELA, kisha nenda ukaone karakana. Anayesema "mimi ni wakala" mwombe barua ya uwakala kutoka kwa mtengenezaji, uangalie kama muda wake haujaisha. Mapungufu ya Sherif yangeonekana hapo. Muuzaji wa kawaida, mwenye duka au ghala, awe na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na akupe risiti ya EFD. Nyingi ya leseni za maduka ya kwetu hutolewa na halmashauri, kwa hiyo kuuliza ni safari fupi tu.

Lakini yote hayo yanamhusu mtu. Bidhaa ina karatasi zake. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa kwa sheria ya 1975, na alama yake ya ubora hupewa bidhaa fulani, si mfanyabiashara. Mwenye alama hiyo kwenye sabuni hawezi kuikopesha mashine anayouza pembeni. (Nimeshaona mtu akijaribu.) Kwenye pembejeo, mbegu ziko chini ya TOSCI, mbolea TFRA, na viuatilifu TPHPA, waliochukua kazi hiyo kutoka TPRI baada ya sheria ya 2020. Duka linalouza vyote vitatu halitoshelezwi na kibali kimoja.

Kikundi changu cha mawese kingeuliza maswali mawili tu: nani ameitengeneza, na nani ameipima? SIDO, iliyoanzishwa 1973, ina ofisi Kigoma mjini na wanazijua mashine hizi. Waone kabla ya kulipa. Jina la kampuni nalo linatafutika kwenye mfumo wa BRELA hata kwa simu.

Ukiletewa karatasi usiyoielewa, ipige picha, uje nayo ofisi ya kata kabla hujatuma pesa.