Ngoma za Burundi, Jina la Paris

Mwaka 1967 zilipatikana rekodi mbili ambazo zingekuja kuzunguka dunia. Moja ilitoka Paris: "Comme d'habitude", wimbo wa mapenzi yaliyopoa, ulioimbwa na Claude François, Mfaransa mzaliwa wa Ismailia, Misri. Nyingine ilinaswa Burundi, muda mfupi baada ya ufalme kufutwa mwishoni mwa 1966. Michel Vuylsteke aliwarekodi wapiga ngoma kijijini kwa ajili ya Ocora, kampuni ya santuri ya redio ya Ufaransa. Santuri hiyo, "Musique du Burundi", ilitolewa 1968.

Safari ya wimbo wa Paris inajulikana sana. Paul Anka wa Kanada alipata haki zake, akaacha kabisa kisa cha wenzi waliochokana na kuandika maneno ya Kiingereza ya mtu anayetazama nyuma maisha yake yote. Frank Sinatra aliurekodi tarehe 30 Desemba 1968 kwa jina la "My Way". Baadaye Gipsy Kings waliuimba kwa Kihispania. Lugha zilibadilika, kisa kikabadilika, lakini kila ulipopita wimbo huo ulikwenda na majina ya Claude François, Jacques Revaux na Gilles Thibaut, na mirabaha yao ikafuata.

Ngoma za Burundi hazikupata heshima hiyo.

Wala hazikuwa muziki usio na wenyewe. Katika vilima vya Gitega, ngoma ilikuwa kazi ya koo maalumu, ikirithishwa kutoka baba hadi mwana. Ilichongwa kutoka gogo la mti uitwao umuvugangoma. Ilisikika wakati wa umuganuro, sherehe ya kupanda mtama, na iliambatana na mamlaka ya mwami, yaani mfalme. Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, inahusishwa na Mwezi Gisabo, aliyetawala katika karne ya 19, na ngoma mbili za pale zina majina yao: Ruciteme na Murimirwa. Upigaji wenyewe una mpangilio wake. Inkiranya hukaa katikati na kuongoza, amashakwe hushikilia mapigo yasiyokatika, ibishikizo hufuata mwendo wa inkiranya. Ni vigumu kukubali kwamba kazi yenye nidhamu ya namna hii iliweza kuhesabiwa kuwa sauti tu ya kuokotwa.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1971 Michel Bernholc, mpangaji muziki Mfaransa aliyefanya kazi na mwimbaji Michel Berger, alichukua rekodi ya Ocora, akaongezea gitaa na kinanda, akaitoa kwa lebo ya Barclay kwa jina la "Burundi Black". Kwenye santuri alijiita Mike Steiphenson. Iliingia kwenye chati ya Uingereza na kufika nafasi ya 31. Wapigaji wenyewe hawakutajwa kuwa watunzi, na faida haikuwafikia.

Mwaka 1975 Joni Mitchell aliweka ngoma zizo hizo chini ya "The Jungle Line". Yeye angalau aliitaja Burundi kwenye jalada la albamu yake. Kufikia 1980 mdundo huo ulikuwa umewafikia vijana wa London: Adam and the Ants walitumia wapiga dramu wawili kuuiga, na Bow Wow Wow wakajenga nyimbo zao juu yake. "Burundi Black" yenyewe ilichanganywa upya na kutolewa tena 1981. Hatimaye, mwaka 1982, wapiga ngoma wa Burundi walifika wenyewe Shepton Mallet, Uingereza, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, na watazamaji wakaona mikono ya watu badala ya jalada.

Mrundi mmoja alisafirisha wimbo kwa mkondo ulio kinyume, tena kwa haki. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura aliyehamia Ubelgiji, aliuchukua wimbo "Free" wa Stevie Wonder, akauimba kwa Kiswahili katika albamu yake ya 1996, "Sambolera". Aliuita "Sina Mali, Sina Deni", akaliacha jina la Kiingereza kando yake katika mabano, na mtunzi akabaki Stevie Wonder.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka mitatu baadaye amri ya rais ilitaka vikundi vipate kibali cha wizara ya utamaduni kabla ya kupiga nje ya sherehe rasmi, vilipie maonyesho, na ikawakataza wanawake kupiga. Kwa hiyo mwanamke wa Gitega aliyejifunza ngoma kwao amewekewa mpaka ambao Bernholc, aliyekuwa Paris na rekodi ya Ocora mkononi, hakuwahi kuwekewa.