Mkaguzi na Chungu cha Msafiri: Tarihi ya Usafi wa Chakula Busisi na Mwanza

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita hakuwa na budi kusimama Kigongo, kungoja kivuko na kuvuka ghuba hadi Busisi. Na kwa kuwa vivuko, hata vilipokuwa vitatu, MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema, havikuweza kuwachukua watu wote na magari yote kwa safari moja, kungoja huko kulizaa njaa, na njaa ikazaa biashara ya mama ntilie, ambaye kwa mafiga matatu na sufuria alimlisha dereva, utingo, mchuuzi wa dagaa na mtumishi wa serikali ugali kwa sato bila ya kubagua cheo. Nani alimdhaminia mlaji huyo kuwa alichopakuliwa kilikuwa salama? Jawabu lake lina tarihi ndefu, na ndani ya tarihi hiyo mna suala la insafu.

Ukaguzi wa majiko haukuanza na Wazungu. Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati alikuwako muhtasib, msimamizi wa soko, na Al-Shayzari, aliyeandika kitabu cha kumwongoza katika karne ya 12, aliwatengea wapishi mahali pao ndani yake, pamoja na amri ya kufunika vyombo visiingiwe na nzi. Uingereza ilipata sheria yake mashuhuri ya uuzaji wa chakula na dawa katika 1875. Na New York, katika 1907, ilimgundua Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland, aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo na kuwaambukiza waliokula mikononi mwake hali yeye mwenyewe haugui. Kisa chake chaonyesha kwa nini anayeshika chakula cha watu hupimwa afya hata akiwa mzima wa siha, jambo ambalo nchini Tanzania hutakiwa kila baada ya miezi sita.

Kwetu mkaguzi alijulikana kwa jina la Bwana Afya, na aghalabu alitazamwa kama mtu wa kufunga na kutoza. Lakini katika 1973 taifa lilithubutu kushika njia nyingine: kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara na kichocho, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo kwa mikono yao. Naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa mambo matukufu yaliyotendwa katika nchi hii, kwa maana ilimchukua mwananchi kuwa mwenye akili ya kufahamu sababu.

Hofu ikarudi pamoja na kipindupindu, kilichoenea nchini kuanzia 1977. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria ya udhibiti wa ubora wa chakula. Lakini desturi iliyokita mizizi ni ile ya kupiga marufuku vyakula vya kando ya njia kila ugonjwa unapozuka, kama ilivyoonekana tena katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kufika Mwanza. Yafaa kusema wazi hatari ilipo. Samaki aliyechemka na ugali utokao jikoni ukifuka moshi si makao ya kijidudu cha kipindupindu, kwani moto hukiua. Hatari imo katika kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ziwa, katika jagi la maji yasiyochemshwa, na katika beseni moja linalonawisha mikono ya wateja kumi. Anayelifahamu hilo hukagua maji kwanza, na anayefukuza watu bila ya kuwapatia maji safi hajaondoa kitu.

Suala la insafu nililolitaja mwanzo lilidhihirika kwa samaki. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, ingawa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilieleza kuwa katazo halikuwa dawa iliyofaa. Na katika 1999 ukawazuia tena samaki wa Ziwa Viktoria, kwa sababu kulikuwa na watu waliovua kwa sumu. Hapo dola ilionyesha uwezo wake: viwanda vya minofu vya Mwanza vilisimamiwa kwa utaratibu wa kuchungua kila hatua yenye hatari, ambao asili yake ni chakula cha wanaanga wa Marekani miaka ya 1960, maabara ya Nyegezi, huko huko Mwanza, ikapima samaki, na Tanzania ikafunguliwa soko kabla ya jirani zake. Minofu ikaenda Ulaya na vyeti vyake. Mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakakaangwa na kuliwa na maskini wetu. Simlaumu Mzungu kwa kudai usalama wa chakula chake. Nasema tu kwamba mlaji wa Sengerema ana tumbo lenye haki ile ile.

Mamlaka zimebadilika tangu hapo: TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilianza 2003, na katika 2019 kazi ya chakula ikahamishiwa TBS, shirika la viwango, huku maafisa afya wa halmashauri wakibaki ndio wenye kuingia vibandani. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la Magufuli, la kilomita 3, kati ya Kigongo na Busisi, na msafiri sasa avuka kwa dakika chache pasipo kungoja, hata walaji wakawa hawakai tena gatini bali huteremka kwenye vituo na migahawa ya barabarani. Migahawa hiyo ingali mipya, na sasa ndio wakati wa kuitengeneza. Basi nawasihi wakuu wa Sengerema na Misungwi, wilaya za pande mbili za daraja: wekeni bomba la maji na choo kabla ya kutoa leseni, wafunzeni mama ntilie kabla ya kuwatoza faini, na Bwana Afya azuru majiko wakati wa salama, asingoje kipindupindu.