Jinsi ya kupima uvujaji wa hewa katika injini ya turbo

WENYE magari wengi hukimbilia kununua turbo mpya pindi gari linapopungukiwa na nguvu, ilhali mara nyingi kiini cha hitilafu ni mpira uliopasuka au klampu iliyolegea.

Turbo ina magurudumu mawili ya mapanga kwenye mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka injini, nalo la pili husukuma hewa kupitia kipoza-hewa hadi kwenye silinda. Hewa ikivuja njiani, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo linalotakiwa, hivyo huchakaa mapema. Jijini Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni hafifu na turbo tayari ina kazi nzito kuliko ikiwa Mombasa.

Katika magari kama Subaru Impreza WRX, kihisi kinachopima hewa kiko karibu na kichujio. Hewa inayovuja baada ya turbo huwa imekwisha kupimwa, na kompyuta hutoa petroli ya kuchanganyika na hewa ambayo haikufika. Ndipo gari hutoa moshi mweusi, hubugia mafuta na hupiga mluzi likikanyagwa.

Upimaji hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Fundi hufungua paipu ya hewa baada ya kihisi, kisha huziba mdomo unaoelekea kwenye turbo kwa kizibo chenye valvu ya gurudumu. Kikifungwa kabla ya kihisi, sanduku la kichujio, ambalo halikuundwa kuhimili shinikizo, laweza kupasuka.

Mipira ya kupumulia ya injini sharti izibwe pia, la sivyo upepo utaingia kwenye oili na kuharibu sili. Mafundi wenye pupa huruka hatua hii.

Kompresa yenye geji hujaza upepo polepole hadi psi 10 au 15, bila kupita kiwango cha kawaida cha turbo hiyo. Kizibo chaweza kuchomoka kwa kishindo, kwa hivyo asisimame mtu mbele yake, na upepo utolewe kabla ya kukifungua.

Maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio yote. Palipo na tundu patafanya povu. Katika Subaru hiyo, mpira unaoingiza hewa kwenye turbo hupita chini ya manifoldi, mahali pasipoonekana, na hapo sikio hufaa kuliko jicho.

Mvumo mdogo kwenye bomba la moshi si hitilafu, kwani huenda valvu za silinda fulani zimeachwa wazi.

Oili iliyoganda kwenye ncha za paipu ifutwe kabla ya kukaza klampu, kwani mpira wenye mafuta huteleza. Kisha upepo ujazwe tena.