Mpaka wa Sherifu

Machi 3, 1934, jambazi John Dillinger alitoroka jela ya Crown Point, jimbo la Indiana, Marekani, kwa gari la sherifu mwenyewe, Bibi Lillian Holley. Sherifu huchaguliwa na watu wa kaunti yake, na mamlaka yake ya kukamata kwa kawaida huishia mpakani. Dillinger akavuka hadi Illinois. Lakini tangu 1919, kuvusha gari la wizi kutoka jimbo hadi jimbo lilikuwa kosa la serikali kuu. Ndipo makachero wa taifa wakamwandama, wakamuua Chicago Julai 22. Mpaka ule si uzembe: humkinga raia na askari asiyewajibika kwake. Dawa si kuufuta, ni majirani kushirikiana.